Alizeti au mawese: mafuta yapi kwa kazi ipi?

Mafuta ya alizeti na mafuta ya mawese yanafanana kwa mengi. Yote hutoka kwenye mimea, yote huelea juu ya maji, yote hukaanga viazi vikaiva vizuri, na gramu moja ya haya ina nguvu sawa na gramu moja ya yale, takriban kilokalori 9. Sasa mimina kiasi kidogo cha kila aina kwenye kikombe chake, uviweke vikombe vyote viwili kwenye jokofu usiku kucha. Asubuhi ya alizeti yatakuwa bado yanatiririka. Ya mawese yatakuwa yameganda, au angalau yamegeuka uji mzito.

Kuganda huko ndiko nitakakokufuata katika ulinganisho huu wote. Watu wengi huchagua mafuta kwa kutazama rangi, picha ya ua kwenye chupa au maandishi makubwa ya tangazo, na hayo matatu hayasemi mengi. Swali la kwamba mafuta yanaganda au hayagandi linasema karibu kila kitu: kama yanafaa kwa biskuti au kwa saladi, kama yatadumu kabatini au yataharibika upesi, na kwa nini kiwanda kimechagua haya kikaacha yale.

Moja hukaa kwenye mbegu, jingine kwenye nyama ya tunda

Chukua mbegu ya alizeti, imenye, kisha uisugue kwa nguvu kwenye karatasi nyeupe. Litabaki doa. Weka na doa la maji pembeni yake, usubiri. La maji litakauka na kutoweka. La mbegu litabaki, na ukiinua karatasi kuelekea dirishani utaona mwanga ukipenya pale pale. Hayo ndiyo mafuta. Mmea haukuyaweka kwa ajili ya kikaango cha mtu yeyote. Ni akiba ya mche, chakula atakachokula siku za mwanzo ardhini kabla hajatoa majani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Alizeti yenyewe ni mmea wa msimu mmoja: hupandwa, huchanua, hukomaa na kukauka ndani ya miezi mitatu au minne hivi. Kile tunachokiita ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye kichwa kimoja. Yale ya ukingoni yana petali za njano za kuwavutia wadudu, na yale ya katikati ndiyo yanayogeuka kuwa mbegu. Mbegu hizo hujipanga kwa mistari inayozunguka kutoka katikati kwenda nje, na ukiwa na subira ya kuihesabu, mara nyingi utapata mistari 34 ikizunguka upande mmoja na 55 upande wa pili. Alizeti changa hugeuka kulifuata jua kutwa nzima. Ikishakomaa, shingo hukakamaa na kichwa hubaki kikitazama mashariki, ambako jua la asubuhi hukipasha joto mapema na nyuki hukifuata zaidi.

Asili ya mmea huu ni Amerika Kaskazini. Wenyeji wa huko waliulima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajaupeleka Ulaya katika karne ya 16, na Ulaya ukakaa bustanini kama pambo kwa muda mrefu. Daniil Bokaryov, mkulima mtwana wa Alekseyevka nchini Urusi, anakumbukwa kwa kukamua mbegu zake na kuuza mafuta mnamo 1829. Katika karne ya 20 mtaalamu wa mbegu wa Kisovieti, Vasilii Pustovoit, aliendelea kuchagua mimea yenye mafuta mengi kizazi baada ya kizazi, hadi mafuta yakapanda kutoka takriban theluthi moja ya uzito wa mbegu kufikia karibu nusu. Hata leo Urusi na Ukraine ndizo zinazoongoza kwa alizeti duniani.

Mawese yana habari nyingine. Hutoka kwenye mchikichi, mti wa jamii moja na mnazi, ambao kwao ni Afrika Magharibi. Huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne na huendelea kwa miaka 25 hivi, mpaka unarefuka kiasi kwamba mvunaji na mundu wake wenye mpini mrefu hawaufikii tena. Matunda yake, machikichi, hukaa kwenye mkungu mmoja mzito wa kilo 10 hadi 25, na mkungu unaweza kubeba matunda elfu moja na zaidi. Ukikata chikichi utaona sehemu tatu: nyama ya nje yenye nyuzi na rangi ya chungwa, kokwa ngumu, na ndani ya kokwa kiini cheupe. Nyama ya nje ndiyo inayotoa mawese. Kiini nacho kina mafuta yake, lakini ni ya aina nyingine kabisa, yanayofanana zaidi na mafuta ya nazi. Mti mmoja, mafuta ya aina mbili. Ukikuta lebo imeandikwa mafuta ya kiini cha mchikichi, hayo siyo mawese.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya watoto hulipita haraka, na mimi naona ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kwenye kisiwa cha Java, na mashamba mengi ya Asia ya Kusini-Mashariki yalitokana na uzao wake. Miti ilisafirishwa, lakini wadudu wake walibaki Afrika. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya Malaysia walilazimika kupaka chavua kwenye maua kwa mikono, ua kwa ua. Mwaka 1981 fukusi mmoja mdogo kutoka Kameruni, ambaye kazi hiyo ndiyo maisha yake, aliachiliwa katika mashamba hayo, na mavuno yakapanda bila mtu kugusa ua. Leo Indonesia na Malaysia huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani.

Kukamua

Mbegu ya alizeti ni kavu na imejifungia ndani ya ganda. Ikikaushwa vizuri inaweza kukaa ghalani kwa miezi, ikapakiwa kwenye treni au meli, ikakamuliwa mbali kabisa na shamba ilikotoka. Chikichi halina subira hiyo. Nyama yake ina maji na vimeng'enya, na mara tu tunda linapochubuka, vimeng'enya hivyo huanza kuyavunja mafuta na kuyafanya yawe machungu. Kwa hiyo mikungu hupelekwa kiwandani haraka, mara nyingi ndani ya siku moja, na kazi ya kwanza kule ni kuipika kwa mvuke ili kuvizima vimeng'enya na kulegeza matunda. Ndiyo maana viwanda vya kukamua mawese hujengwa shambani penyewe.

Baada ya hapo njia zinakaribiana. Machikichi hupukutishwa kutoka kwenye mkungu, hupondwa yakawa rojo, kisha rojo hilo hubanwa na mashine yenye parafujo kubwa inayozunguka na kusukuma. Yanatoka mafuta mekundu yaliyochanganyika na maji na nyuzi. Yakitulia, mafuta huja juu na maji hubaki chini. Alizeti huanza kwa kupepetwa na kuondolewa maganda, halafu viini hupondwa, hupashwa moto na kubanwa na mashine ya namna ile ile. Kinachobaki baada ya kubanwa huitwa mashudu, na kina protini nyingi, hivyo mifugo hulishwa. Maganda hayatupwi, viwanda vingi huyachoma kupata mvuke wa kuendeshea mitambo.

Mashine haitoi mafuta yote kwenye mashudu. Viwanda vikubwa huyaosha mashudu hayo kwa kimiminika kiitwacho heksani, ambacho hunyonya mafuta yaliyosalia. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mchanganyiko ukipashwa moto, heksani huruka kama mvuke na kukusanywa itumike tena, na mafuta hubaki. Ukiona chupa imeandikwa kwamba mafuta yamekamuliwa bila joto, maana yake hatua hii imerukwa: mafuta kidogo zaidi kwa kila gunia la mbegu, na bei kubwa zaidi.

Tufanye hesabu ndogo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920. Ikiwa mbegu za alizeti zina asilimia 40 ya mafuta na hakuna tone linalopotea, unahitaji kilo 2.3 za mbegu kupata lita moja. Kwa mashine ya kubana peke yake utahitaji zaidi. Mkungu wa kilo 20, ambao moja ya tano ya uzito wake ni mawese, hutoa kilo 4, yaani zaidi ya lita nne. Na mti huo utatoa mkungu mwingine, na mwingine tena mwaka huo huo.

Kusafisha hufuta nini, na hakufuti nini

Mafuta ghafi ya alizeti yana rangi ya dhahabu iliyokolea, harufu ya mbegu na ukungu kidogo. Mawese ghafi ni mekundu kwa sababu ya karotini, rangi ile ile iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini ya macho. Kisha huja usafishaji. Huondolewa ute, huondolewa asidi zilizojitenga, mafuta huchanganywa na udongo maalumu unaonyonya rangi, halafu hupulizwa kwa mvuke kwenye joto linalozidi nyuzi 200 ndani ya chombo kisicho na hewa, na harufu yote huondoka. Ya alizeti hupoozwa pia ili nta iliyotoka kwenye maganda igande na kuchujwa. Ndiyo sababu yanang'aa hivyo chupani.

Mwisho wa safari hiyo yote mawili ni ya rangi hafifu, hayana harufu wala ladha ya maana. Karotini ya mawese imekwisha. Mtu aliyefumbwa macho asingeweza kuyatofautisha kwa kuonja. Kwa hiyo, ukitaka ile faida ya vitamini A, ni mawese mekundu tu yatakayokupa. Yaliyosafishwa hayana tena. Vitamini E ya alizeti hupungua, lakini kiasi kikubwa hubaki, na alizeti ni miongoni mwa mafuta yenye vitamini E nyingi zaidi.

Ila kuna kitu ambacho usafishaji hauwezi kukigusa, na hicho ni umbo. Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoshikilia minyororo mitatu ya kaboni iitwayo asidi za mafuta. Minyororo mingine imenyooka, mingine ina mkunjo mmoja, mingine miwili. Fikiria mzigo wa kuni. Vijiti vilivyonyooka hulala pamoja, hubanana, mzigo ukawa mgumu. Matawi yaliyopinda hayalali. Kila moja linamsukuma mwenzake, mzigo ukabaki umelegea. Mawese yana karibu nusu ya minyororo iliyonyooka, kwa hiyo hubanana na kuganda hata kabla baridi haijawa kali. Mawese huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 35 hivi. Alizeti ya kawaida ina minyororo minyoofu kama asilimia 11 tu, na mingi ya iliyobaki ina mikunjo miwili. Ndiyo maana yalitiririka asubuhi ile.

Mmea una sababu zake. Mchikichi huishi karibu na ikweta, ambako hakuna baridi ya kuyagandisha mafuta yake. Alizeti humea kwenye udongo ambao bado una ubaridi, na mche hauwezi kula akiba iliyoganda. Hata shamba likibadilika kidogo, mafuta hubadilika: alizeti ileile ikikomaza mbegu zake kwenye hali ya baridi, huweka mikunjo mingi zaidi kuliko ikikomaa kwenye joto.

Sasa kazi yenyewe

Saladi: alizeti, bila mjadala. Mafuta yanayoganda kwenye majani yaliyotoka jokofuni hayaliki.

Biskuti, keki zenye krimu, chokoleti ya kupaka: hapa mawese hushinda. Biskuti inahitaji mafuta magumu kidogo ili ivunjike vizuri mdomoni na isiloweshe karatasi. Zamani viwanda vilipata ugumu huo kwa njia nyingine. Mwaka 1902 mwanakemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia gesi ya haidrojeni, ambayo hunyoosha mikunjo. Kwa miongo mingi majarini ilitengenezwa hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba kunyoosha nusu nusu huzaa minyororo ya umbo geni, mafuta ya transi, yanayoumiza moyo na mishipa ya damu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula. Viwanda vingi vilivyoachana nayo vilikimbilia mawese, kwa kuwa ni magumu kwa asili yake. Ukijiuliza kwa nini mawese yamo kwenye biskuti nyingi kiasi hicho, hiyo ni sehemu kubwa ya jibu.

Kukaanga ndiko kwenye ubishi. Chakula hukaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 180, na mafuta yote mawili yakiwa yamesafishwa hayaanzi kutoa moshi mpaka yapite nyuzi 220. Kwa mara moja, basi, chagua lolote. Tofauti huja ukiyatumia tena. Oksijeni ya hewani hushambulia palipo na mkunjo, na alizeti ya kawaida ina mikunjo mingi. Ikipashwa moto mara kwa mara huwa nyeusi, nzito na yenye kunata; ule utando wa kahawia unaoganda kwenye kingo za kikaango na kukataa kutoka ni mafuta yaliyoungana hivyo. Mawese huvumilia zaidi. Kwa anayekaanga sana kila siku, mawese yana akili. Kwa anayekaanga mara moja moja na kumwaga, alizeti inatosha. Mafuta ambayo hayajasafishwa, ya aina yoyote, hutoa moshi mapema na hayafai kwa moto mkali.

Na kwa kuwa tumefika jikoni: mafuta ya moto si kazi ya mtoto akiwa peke yake. Yakishika moto, usiyamwagie maji kabisa. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji yale, ukirusha mafuta yanayowaka kila upande. Muite mtu mzima. Yeye atazima jiko na kufunika kikaango kwa mfuniko.

Kwa afya, kipimo ni kilekile cha mikunjo. Minyororo minyoofu ikizidi kwenye chakula hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima na watoto wa kuanzia miaka miwili ni kwamba mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote inayotokana na chakula. Kwa mafuta ya kila siku ya nyumbani, hapo mimi naegemea alizeti. Lakini hakuna mafuta yanayokuwa mepesi kwa sababu ya jina lake: kilokalori 9 kwa gramu ni zilezile.

Sabuni ni kioja kizuri. Mafuta yoyote yakichanganywa na kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji hugeuka sabuni na gliseroli (kazi ya watu wazima, kostiki huunguza ngozi). Sabuni ya mawese huwa kipande kigumu kinachodumu. Ya alizeti peke yake hubaki laini na huisha upesi. Povu jingi hutoka kwenye mafuta ya kiini au ya nazi, ndiyo maana watengenezaji huchanganya. Hata injini huhisi mkunjo. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Leo mafuta ya mimea hugeuzwa kuwa dizeli, na ile inayotokana na mawese huanza kuwa na ukungu na kuziba vichujio kukiwa na baridi, wakati inayotokana na mafuta yenye mikunjo mingi bado inapita.

Kuhifadhi: alizeti iwekwe gizani, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimekazwa, na chupa ikishafunguliwa isikae miezi na miezi. Ikianza kunuka kama rangi ya kupakia ukuta, imeharibika. Mawese hudumu zaidi. Yakiganda hayajaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Yaliyotumika usiyamwage kwenye sinki, hasa mawese, kwa sababu huganda ndani ya bomba.

Ardhi na msitu

Pengine umeambiwa kwamba mawese ni mabaya kwa sababu misitu hukatwa. Misitu imekatwa kweli, mikubwa, huko Borneo na Sumatra, na orangutani wamepoteza makazi. Mchikichi hupenda joto na mvua nyingi, na sehemu zenye joto na mvua nyingi ndizo hizo hizo zenye misitu iliyojaa viumbe kuliko sehemu nyingine duniani. Hilo halina mjadala.

Lakini usikimbilie kuhitimisha. Hekta moja ya michikichi hutoa wastani wa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa mwaka. Hekta ya alizeti haifikishi tani moja. Ukiwaambia watu wote waache mawese na kutumia alizeti, utahitaji ardhi mara nne au zaidi kupata mafuta yaleyale, na ardhi hiyo itatoka mahali fulani. Alizeti nayo ina sifa yake: hulimwa kwa kupokezana na ngano na mazao mengine kwenye nyanda ambazo zimekuwa mashamba kwa vizazi, na mizizi yake mirefu huisaidia kuvumilia ukame. Swali la maana, basi, ni shamba hili limeanzishwa wapi, juu ya nini. Tangu 2004 kuna muungano wa wazalishaji, wanunuzi na mashirika ya mazingira ujulikanao kwa herufi RSPO, unaoweka alama yake kwenye mawese yaliyotimiza masharti yake. Wapo wanaosema masharti hayo hayatoshi. Hata hivyo, kati ya pakiti yenye alama na pakiti isiyo na chochote, mimi ningechukua yenye alama.

Dunia ilionja jinsi mafuta haya yanavyotegemeana mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilizuia alizeti bandarini, viwanda vikageukia mafuta mengine, bei zikapanda kila mahali, na mwezi Aprili Indonesia ikasimamisha kuuza mawese nje kwa kipindi kisichofika mwezi mmoja ili raia wake wapate kwanza.

Na mengine yaliyoko rafuni?

Kwa ufupi tu, kwa kipimo kilekile. Nazi ina minyororo minyoofu kama asilimia 90, huganda kwenye nyuzi 24, na ikiwa jokofuni ni ngumu kuliko mawese. Zeituni ina mkunjo mmoja kwa wingi. Inafaa saladi na kupikia kwa moto wa wastani, na ladha yake ndiyo sababu ya kuilipia. Kanola ndiyo yenye minyororo minyoofu michache kuliko zote hizi, kama asilimia 7. Soya inafanana na alizeti lakini huharibika mapema kidogo.

Maneno "haina kolesteroli" yapuuze. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika, kwa hiyo chupa ya jirani ambayo haijaandikwa haina pia. "Mafuta ya mimea" bila jina la mmea yanaweza kuwa yoyote, au mchanganyiko. Geuza chupa usome orodha ya viungo, kilichotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Na mawese yanayokuja kama kimiminika cha kukaangia ni sehemu moja tu ya mawese: kiwanda kiliyapooza taratibu, kikachuja yaliyoganda na kuyauza kwa watengenezaji wa majarini na sabuni, kikakuuzia wewe yaliyobaki yakitiririka. Yakikaa mahali penye baridi, hayo nayo yataanza kuweka ukungu chini.

Kuna chupa moja ya kuangalia kwa makini zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kisovieti walipata alizeti ambayo mbegu zake zilibadilika, na minyororo mingi ikawa na mkunjo mmoja badala ya miwili. Kizazi chake sasa hulimwa sana, na mafuta yake yana zaidi ya asilimia 80 ya asidi hiyo ya mkunjo mmoja, oleiki. Picha kwenye chupa ni ua lilelile la njano, ila mafuta hayo huvumilia kukaangwa tena na tena karibu sawa na mawese, hudumu kabatini, na bado hayajai minyororo minyoofu. Tafuta neno oleiki kwenye lebo. Bei yake kwa kawaida ni ya juu, kwa hiyo kwa saladi nunua alizeti ya kawaida, na hiyo ya oleiki iweke kwa ajili ya kikaango.